Sura ya 7: Paka Wangu ni Mbegu Gani?

“Daktari waitu, hebu mtazame huyu. Ni mbegu gani?”

Swali hili huulizwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Rubwera, wilayani Kyerwa, ambako kila anayesimama nyuma ya kaunta huitwa daktari, awe amesomea au hakusomea. Muulizaji amekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Akishalipa, anatoa simu na kuonesha picha ya paka aliyejilaza juu ya gunia la maharage. Ameona mitandaoni paka wenye manyoya marefu na pua bapa wakiuzwa Dar es Salaam kwa laki kadhaa, na sasa anataka kujua kama naye analala na mali ndani bila habari.

Jibu fupi ni kwamba paka huyo hana mbegu yoyote. Wengi hukasirika wakiambiwa hivyo, maana masikioni mwao ni sawa na kuambiwa kwamba mnyama wao ni takataka. Wasikasirike. Paka walio wengi duniani, wa London na wa Nkwenda, hawana mbegu kwa maana rasmi, na wanakamata panya wao bila wasiwasi. Jibu refu ndilo sura hii. Paka anaweza kuwa na sura na damu ya pekee kwa karne nyingi, asihesabike kuwa mbegu mpaka siku mtu atakapoketi na kalamu.

Afrika Mashariki ina paka mmoja aliyepita njia hiyo yote, kutoka kichakani hadi kwenye daftari la Ulaya. Tutamfikia. Tuanze na ng'ombe kwanza, kwa kuwa ng'ombe Karagwe inawajua.

Ng'ombe na daftari lake

Mfugaji wa Karagwe au Kyerwa hahitaji semina ili ajue kwamba wanyama hutofautiana. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu anatambulika kwa rangi, kwa umbo la pembe, na kwa mama aliyemzaa. Huko Bweranyange, kwenye ikulu ya watawala wa Karagwe, kati ya hazina za kifalme kulikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Ndiyo ikulu ambamo Mwingereza John Hanning Speke alimkuta Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Watu wanaofua ng'ombe wa chuma na kuwaweka pamoja na ngoma za enzi hawahitaji kuambiwa na mgeni ng'ombe mzuri ni yupi.

Ila ujuzi huo ulikaa vichwani na midomoni. Wakati huohuo, ng'ombe wachache wa jamii hii walikuwa wamefika Ulaya na kuwekwa kwenye bustani za wanyama, na uzao wao ukavushwa hadi Marekani. Mwaka 1983 wafugaji wa huko wakaanzisha chama na daftari la ng'ombe waliowapa jina Ankole-Watusi. Leo ndama anayezaliwa kwenye ranchi ya Marekani ana karatasi yenye jina la baba, mama na babu zake. Binamu yake anayekunywa maji ya Mto Kagera pale Murongo hana karatasi hiyo, ingawa pembe zake huenda ni nzuri zaidi.

Hapa tuweke maneno mawili sawa. *Mbegu ya asili* ni wanyama wa eneo fulani waliofanana kwa sababu ya hali ya hewa, chakula, na jinsi watu walivyowachagua kizazi baada ya kizazi. *Mbegu rasmi* ni wale ambao chama fulani kimewaandikia sifa zao, kikafungua daftari la nasaba, na kinaamua nani aingie na nani abaki nje. *Nasaba* ni orodha ya waliomzaa mnyama, kwa kawaida vizazi vitatu hadi vinne kwenda nyuma.

Kwa ng'ombe, hata pasipo daftari, angalau mwenye zizi anajua dume lililopanda. Paka ni habari nyingine. Baba wa paka wa Rubwera huja usiku juu ya bati, hupiga kelele nyumba nzima iamke, na alfajiri hayupo. Tena jike mmoja anaweza kupandwa na madume kadhaa katika joto moja, na watoto wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Ndiyo maana kibandani unaweza kukuta mweusi, wa milia na wa madoa wakinyonya ziwa moja. Mtu wa kuandika nasaba hapo ataanzia wapi?

*Kwa ufupi: mbegu ya asili huumbwa na mahali, mbegu rasmi huumbwa na chama. Paka wengi hawana mbegu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandika baba yao.*

London, Julai 1871

Mtindo wa kuwapanga paka mezani na kuwapa alama una tarehe na una mtu. Tarehe 13 Julai 1871, ndani ya jumba kubwa la kioo lililoitwa Crystal Palace, London, mchoraji Harrison Weir aliandaa maonesho makubwa ya kwanza ya paka. Waliletwa paka takriban 170. Weir alikuwa amewagawa kwa rangi, manyoya na umbo, na akawaandikia majaji orodha ya sifa za kuangalia kwa kila kundi. Orodha hiyo ndiyo babu wa kanuni zote zinazotumika leo.

Nia ya Weir ilikuwa ya kawaida kabisa. Paka wa London wa siku hizo alikuwa mnyama wa ghalani na vichochoroni, akipigwa mateke, na Weir alitaka watu wamtazame kwa jicho jingine. Kwa hilo alifaulu. Watu walijaa, magazeti yakaandika, na muda si mrefu matajiri wakaanza kutafuta paka wa kigeni ili washinde. Chama cha taifa cha paka kilianzishwa Uingereza mwaka 1887, Weir mwenyewe akiwa rais wa kwanza. Baadaye alijitoa, akilalamika kwamba wanachama wanajali tuzo kuliko paka. Mimi humpenda zaidi kwa kujitoa kuliko kwa kuanzisha.

Vyama vikaongezeka. Marekani ilipata CFA mwaka 1906, Uingereza ikaunganisha vyama vyake mwaka 1910 chini ya GCCF, Ulaya bara ikaunda shirikisho la FIFe mwaka 1949, na TICA ikazaliwa Marekani mwaka 1979. Kila kimoja kina orodha yake. Paka anaweza kuwa mbegu kwenye chama kimoja na asiwe chochote kwenye chama cha jirani. Hapo ndipo mtu wa kawaida huanza kucheka, na ana haki.

Mhabeshi asiye Mhabeshi

Kabla ya kumfikia paka wetu, kuna mwingine anayebeba jina la upande wetu wa dunia. Wazungu humwita Abyssinian, yaani wa Uhabeshi, Ethiopia ya leo. Ni paka mwembamba, masikio makubwa, na kila unywele wake una rangi mbili au tatu zinazopishana kutoka mzizi hadi ncha.

Hadithi yake huanza mwaka 1868, jeshi la Uingereza lilipokuwa linarudi kutoka vita dhidi ya Mfalme Tewodros. Inasemekana mke wa ofisa mmoja alirudi na paka aliyeitwa Zula, jina la bandari ya Bahari ya Shamu ambako jeshi lilitia nanga. Mwaka 1871, pale Crystal Palace, paka aliyetajwa kuwa wa Uhabeshi alipata tuzo ya tatu. Basi jina likaganda.

Shida ni kwamba kwenye makumbusho ya Leiden, Uholanzi, kuna paka aliyekaushwa mwenye manyoya ya aina hiyohiyo, aliyenunuliwa miaka ya 1830, zaidi ya miaka 30 kabla ya vita vile. Kibao chake kinasema ametoka India. Watafiti wa urithi wa wanyama nao wamewaona paka hawa wakielekea zaidi pwani za Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo mbegu yenye jina la Afrika Mashariki huenda haikuzaliwa Afrika Mashariki kabisa. Na vyama havijabadilisha jina. Daftari likishaandikwa, kalamu ya kusahihisha huwa ngumu kupatikana.

Kichaka cha Watamu

Sasa twende Kilifi, pwani ya Kenya.

Kati ya Watamu, Gede na Malindi kuna msitu unaoitwa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke na sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, wanyama ambao watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kuwaona. Wagiriama wanaoishi pembezoni mwa msitu huo walijua pia kwamba kuna paka wa vichakani mwenye mabaka ya ajabu, nao humwita kadzonzo.

Mwaka 1978, Jeni Slater, mkazi wa Watamu mwenye shamba la minazi karibu na msitu, alikuta watoto wa paka shambani mwake. Manyoya yao yalimshangaza: mafupi, yamelala mwilini, na ubavuni yana michoro inayojiviringa mithili ya ubao wa mti uliopasuliwa. Akawachukua wawili, dume na jike, akawalea nyumbani. Walizoea watu haraka. Walipokua wakazaana, na watoto wakatoka na mabaka yaleyale.

Hapo hapajazaliwa mbegu bado. Kama mambo yangeishia kwa Jeni Slater, leo tungekuwa na familia moja iliyofuga paka wazuri Watamu, basi. Kilichobadilisha mambo ni rafiki yake kutoka Denmark, Gloria Moeldrup, aliyerudi kwao na paka wa aina hii mwaka 1984. Kule Denmark kulikuwa na vitu vitatu visivyokuwepo Watamu: chama cha paka, maonesho ya mara kwa mara, na watu waliozoea kuandika kila uzao. Moeldrup akawazalisha, akawapeleka kwenye maonesho, majaji wakawaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 FIFe ikawakubali kuwa mbegu rasmi, kwa jina la Sokoke.

Sifa zilizoandikwa ni za kusomwa polepole, maana kila moja ilikuwa tayari kichakani kabla hajatokea jaji. Mwili mrefu na mwembamba wenye misuli. Kichwa kidogo ukilinganisha na mwili. Macho ya umbo la lozi, ya rangi ya kaharabu hadi kijani hafifu, yamezungushiwa wanja mweusi. Manyoya mafupi yasiyo na sufi ya chini, ile tabaka laini inayowakinga paka wa nchi za baridi. Miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, hivyo anatembea ameinua kisigino. Na ndani ya yale mabaka meusi kuna vinyweleo vya rangi nyepesi, baka likaonekana lina uwazi katikati. Mnyama wa joto, mwenye manyoya ya joto, sasa anaishi kwenye vyumba vyenye hita huko Copenhagen.

Je, ni paka-mwitu wa msituni, kama matangazo mengi yalivyopenda kusema? Hapana. Uchunguzi wa jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, umemweka Sokoke pamoja na paka wa mitaani wa visiwa vya Lamu na Pate, na kundi hilo zima linaangalia upande wa Asia, ng'ambo ya bahari. Ni paka wa nyumbani ambaye mababu zake huenda walishuka kwenye majahazi, wakaingia vichakani, wakajitegemea vizazi kwa vizazi. Kwangu mimi hilo linamwongezea hadhi. Ni mtu wa pwani kamili.

Jambo moja katika habari hii huwa silielewi vizuri. Mwaka 1993, miaka ileile Sokoke alipokuwa anapata cheti Ulaya, pale Gede ulianzishwa mradi wa Kipepeo. Wakulima wanaoishi kando ya msitu huohuo hufuga viwavi, huuza pupa, nazo husafirishwa hadi nyumba za vipepeo za Ulaya na Marekani. Fedha inarudi kijijini, na mwanakijiji ana sababu ya kuulinda msitu. Mdudu yule ameleta karo ya shule. Paka aliyebeba jina la msitu kwenye vyeti vya Ulaya hakuletewa mpango wa namna hiyo.

“Paka wangu ana mabaka hayo hayo!”

Hili ni swali la pili baada ya kusimulia habari ya Sokoke. Ndiyo, inawezekana kabisa ukamkuta mjini Kayanga paka mwenye mabaka yanayojiviringa, na bado si Sokoke.

Michoro ya paka iko ya namna mbili kuu. Kuna milia myembamba inayoshuka ubavuni, ndiyo ya zamani, aliyokuwa nayo paka-mwitu. Na kuna mabaka mapana yanayojiviringa. Mwaka 2012 watafiti waligundua kwamba tofauti hiyo inatokana na jeni moja tu, na kwamba jeni hiyohiyo ikiharibika kwa duma humpa yule duma mwenye michirizi mizito mgongoni anayeonekana kusini mwa Afrika. Paka akirithi nakala ya mabaka kutoka kwa wazazi wote wawili, anatoka na mabaka. Akirithi moja tu, anakuwa wa milia. Ndiyo maana paka wawili wa milia wanaweza kukuzalia mwenye mabaka na ukashangaa ametoka wapi.

Mifupa na ngozi za kale zinaonesha kwamba mabaka haya ni ya juzi. Yanaonekana kwanza katika mabaki ya karne ya 14 kwenye nchi ya Uturuki wa leo, kisha yanaenea. Meli zilibeba paka wa kukamata panya, paka wakabeba mabaka. Rangi moja haitengenezi mbegu. Jaji hutazama mwili mzima, na kabla ya mwili hutazama karatasi.

Chama kinataka nini?

Kila chama kina utaratibu wake, lakini ukiyapunguza maneno, anayetaka paka wake watambuliwe ataombwa haya:

- Maelezo ya sifa yaliyoandikwa: kichwa, masikio, macho, mwili, mkia, manyoya, rangi, kila kimoja na alama zake, jumla 100.
- Paka wa kutosha, kutoka mistari tofauti ya uzazi, walio mikononi mwa wafugaji zaidi ya mmoja.
- Vizazi kadhaa vilivyoandikwa, vinavyoonesha kwamba watoto hufanana na wazazi.
- Ushahidi wa afya, na kwamba sifa inayotafutwa haimuumizi mnyama.
- Kuoneshwa mbele ya majaji mara kadhaa kabla ya kura.

Ukiona orodha hii utaelewa kwa nini Sokoke alihitaji Denmark. Sharti la pili na la tatu pekee ni kazi ya miaka.

Upo mlango mdogo wa pembeni. FIFe ina darasa la paka wasio na karatasi wanaofanana na mbegu iliyokwisha kutambuliwa. Majaji wakiridhika, paka anaandikwa kwenye daftari la majaribio, na uzao wake ukishafikisha vizazi vinavyotakiwa huingia daftari kuu. Mlango huo uliwafaa Sokoke zaidi ya wengi, kwa sababu nyumbani kwao bado walikuwa wakizaliwa bila karatasi.

Mezani kwa jaji

Wengi wetu tukisikia maonesho ya mifugo tunafikiria Nane Nane: uwanja, vumbi, fahali anazungushwa huku mshereheshaji akitaja kilo zake. Maonesho ya paka hufanyika ukumbini, na ni kimya kuliko unavyodhani.

Mlangoni yuko daktari wa mifugo. Anakagua kadi ya chanjo, macho, masikio, anapekua manyoya kutafuta viroboto. Paka akikutwa na kiroboto mmoja safari imeishia hapo, hata kama umetoka nchi nyingine. Wakipita, kila paka anawekwa kwenye kizimba chake chenye pazia, bakuli na boksi la mchanga, na mwenye paka hukaa kwenye kiti mbele yake saa nyingi akisubiri namba kuitwa.

Namba ikiitwa, paka hupelekwa kwenye meza ya jaji. Jaji amenawa mikono kwa dawa, meza imepanguswa. Anamnyoosha paka mwili mzima kwa mikono miwili, anapapasa mkia hadi ncha kutafuta mfupa uliojikunja, anageuza kichwa kuona pua kwa ubavu, anapunga unyoya wa rangi ili paka asimamishe masikio. Kisha anaandika. Kwenye maonesho ya FIFe kila paka huandikiwa maelezo yake, hata aliyeshindwa. Mbele yake hakuna jina la mwenye paka, kuna herufi na namba. Sokoke husomeka SOK n 22: mbegu, rangi nyeusi, mabaka. Ile habari yote ya Watamu imeingia kwenye herufi nne na tarakimu mbili.

Paka akipata cheti kutoka kwa majaji watatu tofauti anaitwa bingwa, na jina hilo huandikwa mbele ya jina lake milele. Fedha? Mara nyingi hakuna. Kombe la plastiki, utepe, mfuko wa chakula. Faida iko kwenye bei ya watoto wa bingwa.

Na paka wa kawaida, asiye na nasaba? Ana darasa lake. Vyama vingi vina kundi la paka wa nyumbani, ambamo jaji haangalii umbo la mbegu bali afya, usafi, manyoya na tabia. Akiwa amekomaa hutakiwa awe amehasiwa. Paka wa gunia la maharage angeshindana hapo, na sioni kwa nini asishinde.

Ubaya wa daftari dogo

Daftari likifungwa mapema, ndani hubaki ndugu watupu. Sokoke wa kwanza wa Ulaya walitokana na paka wachache mno, kwa hiyo vizazi vichache tu baadaye kila dume lilikuwa binamu wa kila jike. Kuzaa ndugu kwa ndugu hupunguza ukubwa wa uzao na kuzidisha magonjwa yaliyokuwa yamejificha. Dawa ilitoka palepale Watamu: miaka ya 2000 mwanzoni, paka wengine wa aina hii walikusanywa pwani ya Kenya na kusafirishwa, na wafugaji wakaanza kutofautisha mstari wa zamani na mstari mpya. Mbegu iliyotambuliwa Ulaya iliokolewa na paka wasio na cheti chochote.

Kwingine mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 1961, shambani huko Uskoti, alionekana paka aliyeitwa Susie mwenye masikio yaliyokunjika mbele. Watu wakapenda sura yake, wakamzalisha, ikawa mbegu ya Scottish Fold. Baadaye ikajulikana kwamba jeni inayokunja masikio huharibu gegedu la mwili mzima, na paka hao hupata maumivu ya viungo. GCCF ya Uingereza iliacha kuwaandikisha miaka ya 1970. Vyama vingine bado vinawaandikisha, na picha zao ndizo zinazozunguka kwenye simu zetu kwa sababu wanaonekana wapole. Wale wa pua bapa nao hukoroma na kutokwa machozi kwa sababu njia ya hewa imebanwa. Ukimwona mtu anataka kumleta mmoja Kyerwa kwa laki kadhaa, mwambie aweke akiba nyingine ya daktari.

*Kwa ufupi: cheti kinakuambia paka alitoka kwa nani. Hakikuambii kama ana afya.*

Je, paka wa hapa wanaweza kuandikwa?

Wanaweza. Mfano wa karibuni uko Ghuba, kwa ndugu zetu wanaoishi huko. Paka wa mitaani wa rasi ya Arabuni, mwenye miguu mirefu na manyoya mafupi, alikuwa akionekana kila siku nyuma ya migahawa ya Dubai na Muscat bila mtu kumjali. Wapenzi wa paka waliokuwa Dubai wakaanza kuwaandika, kuwazalisha kwa mpango, na kuandaa maelezo ya sifa. Mwaka 2008 shirikisho la WCF likawatambua kwa jina Arabian Mau. Hawakutengeneza paka mpya, walifungua daftari.

Kwa Karagwe na Kyerwa, swali la kwanza lingekuwa kama paka wa huku wana kitu kinachowatofautisha na wa Biharamulo au Mbarara. Sidhani. Barabara, malori ya ndizi na maboksi ya kuhamia yamewachanganya, na hiyo ni afya yao. Lakini kama kuna mtu ameona kijijini kwake paka wenye sura moja isiyo ya kawaida kwa vizazi kadhaa, kazi yake haianzii kwenye maonesho. Inaanzia kwenye kuhasi madume yasiyotakiwa, kutenga majike wakati wa joto, na kupata wenzake watatu au wanne watakaofanya hivyohivyo kwa miaka kumi bila kuchoka. Msimu wa kahawa ukifika, nani atabaki na paka?

Karatasi ya bei nafuu kuliko zote, na yenye maana zaidi hapa kwetu, ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata ugonjwa huo na huuambukiza kwa kung'ata, jambo ambalo wenye paka husahau siku ya chanjo, wakaleta mbwa peke yao. Kadi ina nafasi ya jina la mwenye mnyama, jina la mnyama, jinsia, rangi na tarehe. Hizo ndizo safu za mwanzo za daftari lolote la nasaba. Zinazokosekana ni mbili, ya mama na ya baba. Ya mama utaijaza papo hapo.